Barua ya wazi kwa wenye dhamana ya kilimo: pembejeo hai zinafia njiani

Kwa mawaziri wa kilimo, wakuu wa mamlaka zinazosajili mbolea na viuatilifu, wakurugenzi wa taasisi za utafiti, na ninyi mnaoketi kwenye kamati za bajeti ambako fungu la ruzuku hugawanywa.

Waheshimiwa,

Hotuba zenu za miaka ya karibuni zimeanza kutaja pembejeo za kibayolojia, nami hufurahi kila nikisikia. Bakteria wanaoipa mimea naitrojeni, kuvu wanaoua nzige na viwavi, nyigu wadogo wanaotaga mayai ndani ya miili ya wadudu waharibifu, dondoo za mimea kama mwarobaini: mambo yaliyokuwa yakiachiwa watafiti na wapenzi wachache wa kilimo hai sasa yamo kwenye mipango ya mataifa. Desemba 2022, nchi zilizokutana Montreal kuhusu bayoanuwai zilikubaliana kwamba ifikapo 2030 hatari itokanayo na viuatilifu ipunguzwe angalau kwa nusu. Ahadi hiyo iko mezani kwenu. Nataka kujua nani kati yenu amejiandaa kukilea kitu chenye uhai kutoka maabara hadi kwenye shimo la mbegu.

Hapo ndipo penye tatizo. Mfuko wa urea ukikaa miezi minane kwenye ghala la bati, huenda ukaganda, lakini mkulima ataupondaponda na naitrojeni yake atakuwa nayo. Pakiti ya bakteria wa soya ikikaa ghala hilohilo, inakufa. Kwa macho haina tofauti na siku ilipotoka kiwandani: unga uleule mweusi, lebo ileile. Sheria zenu, maghala yenu, fomu zenu za usajili, hata mafunzo mnayowapa maafisa ugani, vyote vilijengwa kwa ajili ya ule mfuko wa urea na chupa ya kiuadudu. Nawaomba mvijenge upya kwa ajili ya kiumbe hai, na mwanze na ubora, kabla ya ruzuku, kabla ya kampeni, kabla ya kupiga marufuku chochote.

Wapo miongoni mwenu wanaodhani jambo hili ni geni na halijathibitika. Wajerumani Hellriegel na Wilfarth walieleza mwaka 1888 kwamba mimea jamii ya kunde hupata naitrojeni ya hewani kupitia vinundu vya mizizi yake, na mwaka huohuo Mholanzi Martinus Beijerinck akawatenga bakteria wenyewe. Ilipofika 1896, bidhaa ya kupaka kwenye mbegu ilikuwa imeshapewa hataza. Yaani bakteria wa mizizi waliingia sokoni miaka 17 kabla ya kiwanda cha kwanza cha amonia, malighafi ya mbolea za naitrojeni, kwa njia ya Haber na Bosch kuanza kazi huko Oppau, Ujerumani, mwaka 1913. Bacillus thuringiensis, bakteria anayeua viwavi, aligunduliwa Japani mwaka 1901, akatambuliwa tena Ujerumani mwaka 1911, na kufikia 1938 Wafaransa walikuwa wakimuuza. Hizi ni pembejeo kongwe ambazo hazikupata wa kuzisimamia.

Zilipopata, tuliona. Brazili ndiyo mfano mkubwa kuliko yote. Tangu miaka ya 1960 mwanasayansi Johanna Döbereiner na wenzake walishikilia kwamba utafiti wa mbegu za soya nchini humo ufanyike bila mbolea ya naitrojeni, ili zibaki zile aina zinazoelewana na bakteria wa mizizini. Leo Brazili hulima soya kwenye zaidi ya hekta milioni 40, na karibu naitrojeni yote ambayo mbolea ingepaswa kuleta hutoka hewani kupitia bakteria wa jenasi ya Bradyrhizobium. Mkulima huwapaka kwenye mbegu au huwamimina kwenye mfereji wakati wa kupanda. Majaribio ya Mariangela Hungria na wenzake wa Embrapa, taasisi ya utafiti wa kilimo ya Brazili, yaliyomletea mwanasayansi huyo Tuzo ya Chakula Duniani mwaka 2025, yameonyesha kwamba kupaka upya kila msimu, hata kwenye udongo ambao tayari una bakteria hao, huongeza mavuno kwa kama asilimia 8, na kuwachanganya na Azospirillum, bakteria wengine wa mizizini, huongeza karibu mara mbili ya hapo.

Pigeni hesabu ndogo. Soya iliyostawi huweza kupata zaidi ya kilo 100 za naitrojeni kwa hekta kutoka hewani. Kuipata naitrojeni hiyo kwenye urea kunahitaji kilo 217, yaani zaidi ya mifuko minne ya kilo 50, tena tukijifanya kwamba hakuna kinachopotea. Ukweli ni kwamba, kwa wastani wa dunia, karibu nusu ya naitrojeni inayowekwa mashambani haiingii kwenye zao. Hushuka hadi kwenye maji ya ardhini, huingia mitoni, au hupanda hewani kama gesi ya oksidi ya naitrasi, ambayo kilo yake moja hulipasha anga joto takriban mara 270 ya kilo moja ya kaboni dioksidi kwa kipindi cha miaka 100. Bakteria wa kutosha hekta hiyohiyo hubebwa kwa mkono mmoja.

Sitawadanganya kwamba bakteria wanatosha. Mimea ya kunde haiwezi kufunga naitrojeni, yaani kuitwaa kutoka hewani, bila fosforasi, na kwenye udongo wenye tindikali kali vinundu hushindwa kufanya kazi. Kuvu wa mizizini, wale waitwao mikoriza, huutanulia mmea eneo la kutafutia fosforasi lakini hawaiumbi. Mahali isipokuwepo hawana cha kuleta. Na kwa mahindi, ngano na mpunga, hakuna pakiti leo inayoweza kuchukua nafasi ya mbolea yote ya naitrojeni, lebo iseme itakavyo. Nayataja haya mapema kwa sababu pembejeo hizi zimeumizwa mno na wapenzi wake waliozisifia kupita kiasi. Wakulima wamezisikia sifa hizo, wamejaribu, wamekosa, wameondoka.

Nije sasa kwenye kiini cha barua hii.

Watafiti walikusanya bidhaa zaidi ya 60 za vijidudu zilizokuwa zikiuzwa kwa wakulima, wakazipima moja moja. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2015 yalionyesha kwamba zaidi ya nusu zilikuwa na bakteria wasiopaswa kuwemo, na nyingine hazikuwa kabisa na kiumbe aliyetajwa kwenye lebo. Tafakarini maana yake. Mkulima amepaka mbegu zake jioni, kivulini, kama alivyoelekezwa. Amepanda. Anasubiri wiki tano au sita, anang'oa mche mmoja na kupasua kinundu kwa kucha. Kikiwa chekundu au cha waridi kwa ndani, bakteria wanafanya kazi. Kikiwa cheupe au cha kijani, au kisiwepo kabisa, msimu umeshakwenda. Hatajua kama kosa lilikuwa la kiwanda, la gari la usafirishaji, la muuza pembejeo aliyeipanga pakiti dirishani penye jua, au la udongo wake. Atajua tu kwamba zile bakteria ni uongo, na atawaambia majirani. Baada ya hapo hata bidhaa nzuri haitapokelewa pale kwa miaka mingi.

Viwango vinawezekana. Brazili hudai seli hai zisizopungua bilioni moja kwa kila gramu au mililita ya bidhaa ya bakteria wa kunde. India iliziingiza mbolea za kibayolojia kwenye agizo lake la kudhibiti mbolea mwaka 2006, na kuanzia hapo mtengenezaji akalazimika kutaja idadi ya viumbe hai na kuithibitisha. Nchi zenu nyingi zina kanuni za namna hii kwenye karatasi. Kinachokosekana ni mahali pa kupimia. Mkaguzi huenda kiwandani, huchukua sampuli iliyotengenezwa wiki ileile, hukuta seli tele, hutoa cheti. Pakiti ile itakapofika kwenye duka la mwisho la barabara ya vumbi, miezi mitano baadaye, hakuna anayeiuliza chochote.

Pimeni dukani. Tumeni mtu akanunue kama mteja wa kawaida, katika wiki za mwisho kabla ya kupanda, kwenye maduka ya mbali kabisa na maabara. Kazi yenyewe haihitaji mitambo ya ajabu: sahani za kukuzia vijidudu, kabati lenye joto la kudumu, mwanga wa darubini, na fundi mvumilivu, kwa kuwa Bradyrhizobium hukua polepole na huchukua kama wiki moja kuonekana. Bidhaa ikifeli, fuateni njia yake kurudi nyuma mpaka mjue ilifia wapi. Na kuhusu usafirishaji, msiseme haiwezekani. Wenzenu wa wizara za afya wamekuwa wakifikisha chanjo vijijini kwa miongo kadhaa bila kuuacha ubaridi ukatike njiani. Bidhaa nyingi za bakteria wa mizizi hazihitaji hata barafu. Zinahitaji kivuli, mahali pasipofikia joto kali, na tarehe ya mwisho inayoheshimiwa.

Usajili nao una kasoro mbili zinazopingana, na mara nyingine zote mbili zinapatikana kwenye ofisi moja. Upande wa viuatilifu, mtengenezaji wa kuvu au bakteria hupewa fomu iliyoandikwa kwa ajili ya kemikali. Anaulizwa kiwango cha kuchemka, shinikizo la mvuke, masalia kwenye mazao. Haulizwi vya kutosha kuhusu yale yanayohusika: ni aina gani hasa ya kiumbe huyo, imehifadhiwa wapi kwa rejea, idadi ya walio hai ni ngapi, wamechanganyika na nani, na je, wana undugu na vimelea vya magonjwa ya binadamu. Majaribio ya shambani nayo hudai idadi fulani ya wadudu iwe imekufa ndani ya siku chache. Kuvu aina ya Metarhizium huingia kupitia ngozi ya mdudu na kumuua kati ya wiki moja na tatu, huku mdudu akipunguza kula kabla ya kufa. Kwa saa ya kemikali, kuvu huyu amefeli. Kwa mavuno, amefaulu. Kivutio cha harufu kinachowekwa ndani ya mtego kumnasa nondo dume, ambacho hakigusi zao hata kidogo, nacho hupitishwa njia ileile ya sumu, kwa miaka ileile na gharama zilezile.

Upande wa mbolea hai, hali huwa kinyume chake: mlango uko wazi kabisa. Mtu yeyote mwenye pipa na kimiminika cha kahawia anaweza kubandika lebo ya kuahidi kila kitu.

Shirika la FAO na lile la WHO walitoa mwongozo wa pamoja mwaka 2017 kuhusu namna ya kusajili viuatilifu vya vijidudu, vya mimea na vivutio vya harufu. Msianze kutunga upya. Uchukueni, muwape wataalamu wenu wa mikrobiolojia waufanyie kazi, na muwaweke wataalamu hao kwenye kamati za usajili ambazo leo zimejaa wakemia. Ukali uwe pale hatari ilipo. Mdudu au mnyama mgeni anayekula kila kitu achunguzwe kwa miaka ikibidi. Australia iliwaachia vyura wakubwa wa kigeni mashamba ya miwa mwaka 1935 ili wale mbawakawa, mbawakawa wakabaki, na vyura wakaenea nchi hadi leo. Kivutio cha nondo kipite haraka.

Na tafadhali msiruhusu sifa ya kuwa kitu ni cha asili isimame badala ya kipimo. Nikotini ni ya asili. Rotenoni hutoka kwenye mizizi ya mimea na huua samaki. Baadhi ya bakteria wa kundi la Burkholderia walipendekezwa kulinda mazao kabla haijafahamika vizuri kwamba jamaa zao wa karibu huwaangamiza watu wenye ugonjwa wa kurithi wa mapafu. Hata huyo Bacillus thuringiensis tunayemtegemea ana ndugu wa karibu, Bacillus cereus, anayesumbua matumbo ya watu kwa chakula kilichochacha. Usugu pia unawezekana: nondo wa kabichi alithibitishwa kuwa sugu kwa Bacillus thuringiensis kwenye mashamba ya Hawaii mwaka 1990, kwa sababu ya kunyunyiziwa dawa moja bila kupumzika. Uhai unahitaji usimamizi uleule, pengine zaidi.

Kuna pia wakulima wanaojitengenezea wenyewe, kwenye mapipa, nyuma ya nyumba. Msiwafukuze. Sheria ya Brazili ya Desemba 2024 kuhusu pembejeo hizi inamruhusu mkulima kutengeneza kwa matumizi ya shamba lake bila kusajili, ila haimruhusu kuuza. Naona ni mpaka wa haki. Ila mtu anayekuza vijidudu kwenye pipa bila kupimiwa huweza kukuza vile asivyovikusudia, tena akavinyunyizia kwenye mboga zinazoliwa mbichi. Mpeni vijidudu safi vya kuanzia kutoka taasisi zenu na mahali pa kupeleka chupa yake ikapimwe. Cuba ilipokosa kemikali baada ya Umoja wa Kisovieti kuanguka, ilitegemea vituo zaidi ya 200 vidogo vya kuzalisha kuvu, bakteria na wadudu rafiki, vikiwa karibu na mashamba yenyewe. Vilisaidia kwa sababu umbali kutoka chupa hadi shamba ulikuwa mfupi.

Nizungumze na ninyi wa bajeti. Kuna pembejeo hai ambazo hakuna kampuni itakayoziuza hata mngoje miaka mia, kwa sababu zikishaachiwa hujizalisha zenyewe na mkulima hana tena haja ya kununua. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 mdudu mweupe wa muhogo, yule anayeonekana kama kapakwa unga, aliingia Afrika kutoka Amerika Kusini na kuanza kuteketeza zao linalolisha mamilioni. Huko Paraguay mwaka 1981 alipatikana nyigu mdogo anayetaga ndani ya mdudu huyo. Kikosi cha IITA, taasisi ya kimataifa ya kilimo cha nchi za tropiki, kikiongozwa na Hans Rudolf Herren kilimchunguza, kikamzalisha na kumwachia, kwanza Nigeria, kisha katika ukanda wote wa muhogo. Mdudu akashuka hadi kiwango kisichoumiza. Mkulima hakulipa kitu, wengi hata hawakujua kwamba nyigu amepita shambani mwao. Herren alipewa Tuzo ya Chakula Duniani mwaka 1995. Kazi ile ililipiwa na fedha za umma na za wafadhili, na ndiyo njia pekee ambayo ingeweza kulipiwa.

Zipo nyingine zinazokaa katikati. Kuvu wa nzige, Metarhizium acridum, alifanyiwa kazi na mradi wa kimataifa ulioanza mwaka 1989. Ugumu mkubwa ulikuwa kwamba kuvu hupenda unyevu na nzige hukaa kwenye ukavu, mpaka watafiti walipozichanganya spora zake, yaani chembe zake za uzazi, na mafuta. Gramu 50 hivi za spora zikatosha hekta moja. Mwaka 2009 alitumika Tanzania dhidi ya nzige wekundu, bila kuua ndege wala nyuki. Lakini nzige huja mwaka mmoja na kupotea mitano. Ni mfanyabiashara gani atakayeweka akiba ya spora hai akingoja baa lisilo na tarehe? Hiyo ni akiba ya dola.

Vilevile kwa sumukuvu, ile aflatoksini inayosababisha saratani ya ini. Kuvu anayeitengeneza, Aspergillus flavus, ana ndugu wa spishi hiyohiyo wasiotengeneza sumu. Wakitawanywa shambani wiki mbili tatu kabla ya zao kutoa maua, kilo 10 za nafaka iliyopakwa spora kwa hekta, huwahi nafasi na kuwanyima wenye sumu. Bidhaa ya Aflasafe, iliyotokana na kazi ya IITA na wizara ya kilimo ya Marekani, hupunguza sumu hiyo kwa asilimia 80 au zaidi. Kuvu hao huchaguliwa kutoka udongo wa nchi husika. Faida yake humwendea mlaji ambaye hatamjua mkulima, na sokoni mahindi salama huuzwa bei moja na yenye sumu. Msipoingilia kati, mkulima hana sababu ya kuinunua, nami siwezi kumlaumu.

Ndiyo maana inanisikitisha kuona ruzuku yote ikiishia kwenye mifuko ya urea na chupa za viuadudu. Ruzuku hiyo huweza hata kuharibu. Indonesia ilikuwa ikilipia zaidi ya asilimia 80 ya bei ya viuatilifu, na wakulima wakanyunyiza mpaka buibui na wadudu wengine wanaokula waharibifu wakaisha mashambani. Mdudu mfyonzaji wa kahawia akaongezeka na kuumaliza mpunga. Mwaka 1986 rais wa nchi akapiga marufuku viuatilifu 57 kwenye zao hilo, na kufikia mwanzoni mwa 1989 ruzuku ikaondolewa yote. Serikali iliokoa zaidi ya dola milioni 100 kwa mwaka. Mpunga uliendelea kuongezeka, na mashamba darasa yaliyoanza wakati huo yakasambaa nchi nyingi. Walinzi bora wa mpunga ule walikuwa wamo shambani tayari, bila malipo, na fedha za umma ndizo zilizokuwa zikiwaua.

Nawatahadharisha, hata hivyo, msisome Indonesia haraka mkakimbilia kupiga marufuku kila kitu. Sri Lanka ina somo la pande zote mbili. Kuanzia miaka ya 1980, na hasa 1995, iliondoa sokoni viuatilifu vyenye sumu kali mno kimoja baada ya kingine, kila kimoja kikiwa na mbadala. Vifo vya kunywa sumu vikapungua sana na mavuno hayakushuka. Kisha mwaka 2021 serikali ikasimamisha ghafla uingizaji wa mbolea zote za kemikali, nchi nzima, msimu ukiwa mlangoni. Hapakuwa na mboji ya kutosha, hapakuwa na bakteria waliopimwa, hapakuwa na maafisa waliofundishwa. Mpunga ukaporomoka, chai ikapungua, nchi iliyokuwa ikijilisha mchele ikauagiza, na kufikia Novemba amri ilikuwa imefutwa. Kilichonichoma zaidi ni kwamba tangu hapo, kila pembejeo hai ikitajwa kikaoni, kuna anayeinua mkono na kusema Sri Lanka. Haraka ile iliturudisha nyuma sote.

Neno kwa wakuu wa ugani. Afisa aliyefundishwa kwamba dawa nzuri ni ile inayoangusha wadudu kabla ya jua kuzama hawezi kumsaidia mkulima aliyenyunyiza kuvu. Lazima aweze kusema: nyunyiza jioni, maana jua linaua spora, usitumie maji yenye klorini, usipake bakteria kwenye mbegu iliyokwisha kupakwa kiuakuvu bila kuangalia lebo, usitegemee kuona maiti kesho, rudi baada ya siku kumi uangalie majani mapya. Haya hayasomwi kwenye kipeperushi. Yanahitaji shamba, na afisa mwenye usafiri wa kurudi mara ya pili. Mahali ambapo ushauri wote umeachiwa muuza pembejeo, ushauri utafuata kilicho rafuni mwake.

Najua hamwezi kuyafanya yote kwa mwaka mmoja, na sidai hivyo. Fomu za usajili zitachukua vikao. Ruzuku itachukua ubishi na watu wenye nguvu, nami natumaini mtausimamia. Lakini liko moja lisilohitaji sheria mpya wala mkopo. Kabla msimu ujao wa kupanda haujaanza, tumeni watu wakanunue bidhaa hizi madukani, zipimwe kwenye maabara ya umma au ya chuo kikuu, na mchapishe matokeo kwa majina ya bidhaa, zilizofaulu na zilizofeli, pamoja na namba zake za toleo, kwenye redio, kwenye simu na kwenye ubao wa kila duka la pembejeo. Watengenezaji waaminifu watawashukuru, kwani leo wanapangwa rafu moja na wadanganyifu na hakuna anayewatofautisha. Mwaka unaofuata mrudie.

Wasalaam.